Ua la Mama Limechomoza Mlangoni

Kando ya ziwa, Kendu Bay
9 Aprili 2025

Mpendwa mdogo wangu Moraa,

Hujambo, na hilo joto la Kilifi? Mwanao Jeff amepona kifua, au bado anakohoa kila upepo wa bahari ukivuma? Sisi huku ni wazima. Mume wangu Nicodemus, maumivu ya mguu yamemwachia. Anatembea hadi sokoni na kurudi, analalamika kwa mazoea tu.

Sasa, swali lako. Nimekuzungusha tangu Februari, najua. Hukuwahi mazishi ya mama, na kitu pekee ulichoniomba ni kitunguu cha lile ua lake jekundu la mviringo, ukipande mlangoni kwako. Kila ukiuliza nakujibu habari za mvua. Soma, utaelewa.

Unakumbuka nililileta kutoka kwa mama, Nyamira, nikalipanda mbele ya mlango, halafu nikaacha uwanja wote ujiendee. Nilitaka tu kuona: ziwa likiachiwa, litaniletea nini? Likaleta matete, likaleta maua ya manjano ambayo mpaka leo sijui jina lake, nami nikaongeza mishubiri katikati ya mawe. Vipepeo, Moraa! Lakini mama mkwe kila akipita anashika kiuno, ananiita binti wa Kisii kwa Kijaluo chao: "Nyar Kisii, hapa wanaishi watu au nyoka?" Huku uwanja wa mtu mwenye adabu hufagiliwa mpaka udongo ung'ae.

Februari nikaenda Kehancha, binti yangu Mellen alikuwa amejifungua. Kumbe huku nyuma mama mkwe amekusanya akina mama wa kanisa, ili mjukuu wangu akiletwa akute pasafi. Nilirudi nikawakuta getini na majembe, wanaimba, jasho linawatiririka. Uwanja mtupu! Wuoi, nilitaka kulia, nikawapikia chai. Ungefanya nini, na yote ni kwa kunipenda?

Ua la mama wakati wa kiangazi halionyeshi hata jani, kwa hiyo hakuna aliyejua analima juu ya nini. Nilichambua rundo lao la magugu kwa vidole. Mishubiri niliiona. Kitunguu sikukiona. Ningekuandikia nini?

Wiki jana mvua ikanyesha. Juzi asubuhi nafungua mlango, naona vichwa vitatu vyekundu vimepasua udongo, bila jani hata moja. Majembe hayakufika chini! Lakini hebu niambie, linajuaje kwamba hii ni mvua, si maji ya vyombo niliyokuwa nikimwaga hapo kwa matumaini? Nimewaza mpaka chai ikapoa.

Mama mkwe akaja na ufagio wake. Nikamwambia hilo ni la mama yangu. Alifagia akilizunguka polepole. Hapo ndipo nilipolia, Moraa, kwa sababu nilikuwa nimesahau kabisa: mama pia alikuwa akifagia. Ua lake lilisimama peke yake kwenye udongo safi, alama za ufagio pande zote. Ni mimi niliyelificha kwenye majani.

Basi mlangoni sasa tunafagia, na msitu wangu umehamia kule kwenye maji. Kitunguu chako kitachimbwa majani yakishaota na kukauka, mwanangu Emmaculate akija huko likizo atakuletea. Uniambie kama kitakubali mchanga wa chumvi, natamani sana kujua.

Nisalimie shemeji Omanga na Jeff. Mama mkwe na Mellen wanawasalimu. Mungu aliyekificha kitunguu chini ya majembe awafiche ninyi pia na kila baya.

Dada yako akupendaye,
Bathsheba

Nusura nisahau: kabla hakijafika, nunua ufagio.