Mtoto wa Droo

Jumatatu, 29 Desemba 1924

Mchele umebaki wa kukwangua. Tangu askari wamkamate mume wangu Dehai barabarani na kumbebesha mizigo yao ya vita, hakuna habari. Yu hai? Sijui. Mimi na mama yake tunakunywa uji mwepesi kwa majani ya figili, na maziwa yangu yanapungua. Binti yetu Aling ananyonya, anaachia, ananyonya, anaachia, kisha analia kwa hasira. Hata miezi miwili hajafikisha!

Mama mkwe ana mpango. Nyumba ya Watoto kule lango la magharibi inatafuta wanyonyeshaji. Unapewa mtoto, unakwenda naye kwako, na kila mwezi unapata mchele pamoja na koti la pamba la mtoto. Ila hawamtaki mwenye mtoto mchanga wake. Kwa hiyo Aling atiwe kwenye droo ya ukutani kwao, watu wanamoachia watoto kwa siri, na kesho yake mimi nikaombe kazi.

Nikamuuliza, na wakinipa mtoto wa mwingine?

“Kule mtoto ndiye anayechagua,” akasema. “Wanawapitisha kifuani mmoja mmoja. Anayeshika ziwa ndiye wako.”

Akafungua kitambaa chake, akatoa kipande cha huanglian, mzizi ule ule mchungu wa kuachishia watoto ziwa. Nijipake kila siku mpaka Aling auzoee. Wengine wote watatema.

“Mama, huyu ni mtoto, si mbuzi,” nikamwambia.

“Mbuzi angekuwa ameshakubali. Paka!”

Jumamosi, 3 Januari 1925

Siku za kwanza alipiga mayowe, uso wote ukakunjamana. Nililia naye. Leo ameshika bila kusita. Ameniangalia tu, kama anayejiuliza kwa nini dunia ina ladha hii. Mwanangu, nisamehe.

Alhamisi, 8 Januari

Nimemtia.

Alfajiri, hapakuwa na mtu. Droo iko usawa wa kiuno, mbao zake zimelainika kwa mikono ya watu. Nimemlaza, nimeisukuma, kengele ikalia kwa ndani. Nikasikia miguu inakuja. Nikakimbia – nilikimbia! – mpaka darajani.

Maziwa yamelowanisha nguo yote. Mama mkwe amenifunga kifua kwa kitambaa. Je, usiku huu wakimpa mwingine? Je, akifa kwa baridi?

Ijumaa, 9 Januari

Ninaye! Amelala hapa pembeni na kibao cha namba shingoni.

Lakini niandike yote. Msimamizi ni Bibi Tao, mnene, macho madogo yasiyopepesa. Alinikamua ziwa kwa kidole na kukagua maziwa kama muuza mafuta. Akauliza mwanangu yuko wapi. Nikasema amekufa. Akanipeleka mbele ya sanamu ya Guanyin, mungu wa kike wa huruma, akaniwashia ubani, akaniambia niape. Nikaapa.

Wakaletwa watoto. Wa kwanza alionja, akapiga kelele. Wa pili akatapika. Wa tatu akajipinda mpaka nikadhani ataanguka.

“Mke wa Dehai, una nini wewe?” Bibi Tao akauliza. “Watoto wanakukimbia kama jini!”

Wanyonyeshaji wengine wakacheka. Mimi jasho linanitoka, na nje kuna theluji. Kisha akaletwa Aling. Akashika, akanyonya, akafumba macho. Bibi Tao akasema basi, mmepatana, chukua.

Nimeshauosha ule uchungu. Nimenawa kwa maji ya moto, nimesugua. Sasa ni maziwa matupu, na mchele upo.

Jumatano, 14 Januari

Sikio la Aling la kushoto limekunjika juu. Langu pia. Sijawahi kuliwaza sikio langu maishani, sasa nalifunika kwa nywele hata nikiwa jikoni. Mke wa jirani, tuliyemwambia Aling amekufa, amesema mtoto wa droo anafanana nami. Mama mkwe akamjibu kwamba hata mbwa hufanana na anayemlisha. Wakacheka. Mimi nilimwaga chai.

Jumamosi, 24 Januari

Mwaka mpya. Fataki tangu asubuhi. Tumekula keki za mchele – keki halisi! Sahani ya Dehai tumeiweka mezani na vijiti vyake. Aling amenenepa, mikono ina mikunjo. Mama mkwe anamwita “bibi mwenye mchele”, kwa kuwa ndiye anayetulisha sote.

Namwogopa nani nikifurahi? Nahisi kuna mtu anasikiliza.

Jumamosi, 7 Februari

Siku ya ukaguzi. Tulijipanga uani na watoto, nimeteremsha nywele sikioni. Hofu yangu yote ilikuwa kwenye lile sikio. Nilikuwa naogopa kitu sicho!

Bibi Tao hakuwa peke yake. Alikuwa na mke wa Qiu, wale wauza tofu wa ng'ambo ya mfereji. Anatafuta mtoto wa kike wa kumlea aje kuwa mke wa mwanawe. Akapita anawaminya mapaja. Wengi wamekonda. Akafika kwangu.

“Huyu! Huyu ndiye mtoto!” akasema. “Wengine hawa wanataka jeneza, si mchumba.”

Bibi Tao akafurahi, akanisifu mbele ya wote. Akaniambia nimwogeshe, nimlete kesho asubuhi, kisha nitapewa mwingine wa kunenepesha.

Sikuweza kuondoka. Wenzangu wote walipotoka nikapiga magoti, nikamwambia: ni wangu. Nimemzaa mimi. Nilimtia droo kwa mkono wangu.

Akacheka! Si kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. “Mwanangu, kila anayenyonyesha husema hivyo siku ya kuachana. Mwaka jana mmoja alisema hivyo hivyo, na yule mtoto tulimtoa mashuani, mamake tunamjua. Na wewe uliapa wako kafa.”

Nikamwonyesha sikio. Akasema masikio yaliyokunjika anayaona kila wiki. Ndipo nikamwambia kuhusu mzizi.

Macho yale madogo yakanikazia.

“Ndiyo maana walitapika siku ile.”

Akasema kesho nije na huanglian. Nijipake mbele yake na mbele ya mke wa Qiu. Mtoto akinyonya, ni wangu, na adhabu yangu ya kuihadaa Nyumba nitaipata: hakuna mchele tena, na jina langu litabandikwa langoni watu wanitemee mate. Akitema, anakwenda kwa Qiu.

Nje watoto wanapita na taa za sikukuu. Nimekubali. Njaa naijua. Mate nitayapangusa.

Lakini ni mwezi mzima sasa! Mwezi mzima nimempa maziwa matamu tu, na nilijisifu kwa hilo.

Jumapili, 8 Februari

Kumekucha. Sijamnyonyesha tangu usiku, ili njaa imsaidie. Analia, sauti imeanza kukwaruza. Mama mkwe amezunguka chumba hiki mpaka amenichosha.

“Mjaribu sasa,” anasema. “Mpe, akumbuke.”

Nimemwambia, na akitema?

“Basi utajua.”

Sitaki kujua! Hapa bado ni wangu.

Mama mkwe amekaa chini, amejifunika uso kwa aproni. Anasema ni yeye aliyeleta mzizi, ni yeye. Sina nguvu ya kumbembeleza.

Nimeusaga, umebaki kipande kidogo tu. Nusu nimejipaka ili aizoee harufu tu, nusu nimeiweka kwenye kitambaa kwa ajili ya kule. Harufu yake imejaa chumbani. Aling ameisikia – amenyamaza ghafla. Ananiangalia. Uso haujakunjamana bado, wala mdomo hajaufungua.

Wamegonga. Sauti ya mke wa Qiu, anasema amekuja mwenyewe, baridi ni kali, ameleta blanketi jipya la mtoto.

Mama mkwe haendi kufungua. Aling amegeuza kichwa kifuani pangu, anatafuta ziwa. Naiweka kalamu.