Vifuniko Vinne vya Naitrojeni

Jumatatu, 4 Mei 1987
Miche mia na ishirini imeshika! Juu nyanya, chini mizizi ya mtunguja wa porini. Nimekata, nikaunganisha na kufunga kila mmoja kwa mkono wangu. Ule mnyauko uliomaliza shamba la Mama Waithira kule Langas hautaiweza mizizi hii. Kazi hii ikifaulu nitapewa barua ya ajira ya kudumu. Miaka minne ya kibarua inatosha.

Jumatano, 13 Mei
Bwana Phineas, mkubwa wa kituo, ametoka ofisini — ajabu! Anasema mimea ina rangi ya njaa. Kila mmea upewe mbolea ya naitrojeni, vifuniko vinne vya chupa ya soda, kila wiki mbili. Nikamwambia kimoja kinatosha, tena baada ya matunda ya kwanza kushika. Mtunguja ni mlafi, utavuta mbolea yote na kuipeleka kwenye majani. Akaniuliza digrii yangu ni ya wapi. Ya kwake ni ya Ulaya, kila mtu ameshaambiwa.

Alhamisi, 18 Juni
Majani! Majani matupu. Maua yanafunguka asubuhi, jioni yako chini. Nimehesabu matunda mistari yote: saba. Phineas anatazama kutoka njiani, matope yasiguse viatu. "Unaona hiyo green, Nelima? Hiyo ndiyo science." Ng'ombe angekubaliana naye.

Ijumaa, 31 Julai
Sasa mtunguja wenyewe umetoa machipukizi chini ya kiungo. Shibe imeupa kiburi. Nikaanza kukata. Phineas akanikuta na kisu, akafoka — naharibu mali ya serikali, na mgeni mkubwa anakuja kutoka Nairobi Septemba! Nisiguse tena.

Mzee Kipyego, anayenyunyizia mimea maji, alikuwa hapo hapo na mpira wake. Nikamwambia, Mzee, si uongee. Akasema amebakisha miezi mitano apate pensheni, na macho yake siku hizi hayaoni vitu vya karibu.

Jumanne, 8 Septemba
Nyanya zimemezwa zote. Kilichobaki ni kichaka cha mtunguja, kirefu kunishinda, miiba na matunda yake. Ni sumu, mbuzi wenyewe hulipita tunda hilo. Lakini Phineas amekulia mjini, nyanya anaijua ikiwa kwenye sahani. Amepaka mawe chokaa na kusimamisha kibao: NYANYA AINA MPYA. Nilijaribu kumweleza. Akasema wivu utaniua.

Jumatano, 9 Septemba
Magari sita. Kina mama wakaimba. Mgeni akakitazama kichaka, akauliza, "Hii ndiyo nyanya?"

Watu sitini, wote wamechunga mbuzi! Halafu mwenyekiti wa tawi la chama akapiga makofi, wakapiga wote. Kipyego na macho yake mabovu, akapiga. Na mimi nikapiga. Niandike ukweli, hakuna anayesoma hapa. Naona aibu.

Mgeni akafurahi. Wilaya nzima ipande hivi, vifuniko vinne! Akachuma mwenyewe, matunda kumi hivi, ya kijani yenye mistari. Mwiba ukamchoma, akacheka, wote wakacheka. Yakafungwa kwenye gazeti. Mama watoto atayapika na nyama leo leo, akasema, yeye hapendi nyanya zilizoiva sana.

Waliondoka saa saba. Sasa ni saa tisa. Cheptiret wamepita zamani, jioni wako Nairobi. Simu ya ofisi ina kufuli na ufunguo uko mfukoni mwa Phineas. Nikaenda kuuomba. Alikuwa anakunywa chai na mwenyekiti, na barua yangu ya kudumu iko mezani — ataitia sahihi, anasema, mgeni amefurahi. Akaniuliza nataka kumpigia nani.

Nikasema ngoja nikatafute namba. Uongo. Namba ya mgeni ninayo, iko kwenye bahasha ya mwaliko, hapa mbele yangu. Nimejifungia stoo na daftari kama mjinga.

Ananiita tena. Njoo Nelima, anasema, kalamu nimeshaishika.