Macho Yangu Kwenye Skrini

Jumatatu, 4 Machi
Mtafiti kaja darasani kwangu na mashine yake ya kufuatilia macho. Kikamera chembamba chini ya skrini ya kompyuta. Mwanafunzi anasoma swali la hesabu, nukta nyekundu inafuata macho yake popote yaendapo. Swali: shati moja likianikwa juani hukauka kwa nusu saa, je, matano yakianikwa pamoja? Watoto wangu wote wa darasani — dakika mia moja na hamsini, kana kwamba yanaanikwa moja baada ya jingine! Nimecheka mpaka machozi. Mtafiti hakucheka. Nukta iliruka maneno yote, ikatua kwenye namba tu. Akauliza kwa upole, nani kawafundisha kusoma hivyo.

Mimi. Achana na hadithi, tafuta namba! Miaka kumi na moja nawaimbia hivyo. Nikageuka kufuta ubao.

Jumatano, 6 Machi
Balaa! Mkuu wa shule anataka na mwalimu apimwe, watoto waone macho ya mtaalamu. Ijumaa. Mtaalamu! Nikasema nina kipindi. Akasema atatafuta mtu wa kunishikia darasa, yeye mwenyewe aje kushuhudia. Mtihani wa mwisho wa muhula ni baada ya wiki tatu, na ameshauliza kama kuna mwalimu mwingine wa kulichukua darasa langu. Naandika hapa tu, kwingine sithubutu: maswali ya maneno yananitisha tangu utoto. Majibu huwa nayachungulia nyuma ya kitabu cha mwalimu.

Alhamisi, 7 Machi
Nimejizoeza na gazeti. Neno moja moja, kidole juu ya mstari. Binti yangu kauliza, mama, umerudi darasa la kwanza lini? Baba yake kaangua kicheko. Wacheke tu. Naogopa, jamani.

Ijumaa, 8 Machi
Yamenikuta. Kamba ya mita kumi na mbili, unataka vipande vya mita tatu tatu, utaikata mara ngapi? Nilijiapiza kusoma. Lakini Mkuu kasimama nyuma yangu, namsikia anavyopumua. Nne! nikasema. Mbiombio, kama nafukuzwa.

Ni mara tatu. Kipande cha mwisho hakikatwi, kinabaki chenyewe.

Mtafiti akaweka rekodi mbili za swali hilohilo pamoja: yangu na ya Kipepeo, yule msichana wa darasani kwangu asiyetulia kitini. Nukta zikaruka pamoja, zikatua pamoja. Mkuu akauliza, ya mtoto ni ipi? Mtafiti mwenyewe ikabidi aangalie majina. Mkuu akanitazama kidogo. Akasema tutaongea saa nane.

Sasa ni saa nane kasoro. Naandika hapa mezani, mbele ya darasa. Nimewapa swali la maneno ubaoni. Nikawaambia wasome tu, wasiandike kitu. Koridoni nasikia viatu vya Mkuu. Kipepeo kanyoosha mkono: mwalimu, tuanze na namba gani? Arobaini na wawili wameinua vichwa, wananitazama mimi — hakuna hata mmoja anayetazama swali.