Mwandishi wa Hirukawa

Alhamisi, 18 Aprili

Hirukawa amebadilisha fimbo yake ya kusukumia mpira shimoni. Aliyesema ni Nagumo. Si Hirukawa mwenyewe — Nagumo! Alinitajia kwenye chumba cha waandishi huku akifungua tonge lake la wali, akidhani najua. Nikatikisa kichwa kama mtu anayejua.

Miaka kumi na minne namwandika Hirukawa Sosuke. Nilianza bado ana nywele. Nagumo Chihiro, yule binti wa jarida la mtandaoni, alihamishiwa gofu Februari. Kabla ya hapo alikuwa anaandika mieleka.

Mkoa wa Mie, raundi ya kwanza: mikwaju 71. Siku ya kawaida. Fimbo mpya inamfaa, na hilo ndilo baya zaidi.

Jumapili, 2 Juni

Okayama. Mchezaji akishasaini kadi yake ya alama, tunamzunguka wote, kila mtu anauliza lake. Kisha kundi linatawanyika, na mwandishi wake anamsindikiza peke yake hadi kwenye gari. Wengine hubaki nyuma. Hakuna aliyewahi kufundishwa hivyo, unajua tu.

Leo Nagumo alikuja. Akatembea kushoto kwa Hirukawa, mimi kulia. Hirukawa alicheka mara mbili. Mara zote mbili uso uliangalia kushoto.

Nilimwambia Nagumo baadaye, kwa upole, kwamba mwendo ule una mwenyewe. Akainama, akaomba radhi. Halafu: "Lakini mzee, yeye ndiye aliyeniita."

Ijumaa, 5 Julai

Hokkaido. Hirukawa amechujwa tena baada ya raundi mbili, mara ya nne mfululizo. Akichujwa hasemi, nami simuulizi. Ndivyo tulivyozoeana.

Nagumo akamfuata pale pale. Nikasubiri amfukuze.

"Kaka, umekula nini leo?"

"Nimekula? Tambi baridi. Mbaya."

"Mbaya kuliko shimo la kumi na sita?"

Akacheka! Mtu aliyechujwa! Kisha akaongea bila kuombwa: kifundo cha mkono kinamuuma tangu masika, usiku analala nacho ndani ya barafu. Nagumo alikuwa anaandika. Mimi nilikuwa nimeshafunga begi langu.

Miaka yote hii ukimya ule nimeuita heshima.

Jumatano, 11 Septemba

Tokita, mkuu wa dawati, amepiga simu. Habari ya kifundo cha mkono, ile ya Julai, tuliichapisha siku mbili baada ya jarida la yule binti. Akasema: "Kusakabe, unamlinda huyo mtu au unamwandika?" Nikasema vyote viwili. Akasema halipi mshahara wa vyote viwili.

Hirukawa yuko wa 78 kwenye orodha ya msimu. Sitini na tano wa kwanza ndio wanaobaki na uhakika wa kucheza mwaka ujao. Wengine hurudi kwenye mashindano ya kufuzu, pamoja na vijana waliomaliza chuo juzi. Onodera, anayembebea begi la fimbo, amenong'ona kwamba safari hii Hirukawa hatarudi huko. Ana miaka thelathini na tisa. Akikosa nafasi, anaacha gofu.

Mwenyewe hajatamka. Atakapotamka, atamtamkia mtu mmoja kwanza. Neno hilo ni langu.

Jumapili, 20 Oktoba

Nafasi ya tano wiki hii! Amepanda hadi wa 69. Mahojiano yamehamishwa dakika za mwisho, kutoka hemani kwenda uwanja wa mazoezi. Nagumo alikuwa chooni. Sikumwambia.

Alifika kabla yangu. Hirukawa alimpigia simu.

Nikauliza kuhusu umbali wa mkwaju wa pili kwenye shimo la tisa. "Kaka Kusakabe," Hirukawa akasema mbele ya wote, "kila siku unaniuliza kama daktari. Niambie ukweli, napona?" Wote wakacheka. Nagumo alifunika mdomo kwa mkono. Nimeona mabega yake yakitikisika.

Alhamisi, 21 Novemba

Kochi. Mashindano ya mwisho yanayohesabiwa. Hirukawa ni wa 67. Mikwaju 70, upepo. Nagumo kamletea mfuko wa machungwa. Mimi sijawahi kumletea kitu — mwandishi hampelekei mchezaji kitu. Ameyala yote.

Ijumaa, 22 Novemba

Amepita mchujo. Basi.

Jumamosi, 23 Novemba

Kwa hesabu ya jioni hii ni wa 66. Kesho akimpita mtu mmoja, anabaki.

Mgongo wa Onodera umekaza pale shimo la kumi na tano. Ameinama kuokota fimbo, hakuinuka. Hirukawa alibeba begi mwenyewe hadi mwisho, na kile kifundo. Hakupoteza mkwaju hata mmoja. Nimeshawaona wengi wakicheza vizuri kuliko vile; sijamwona aliyetaka zaidi.

Baada ya mahojiano tukaelekea kwenye gari, watatu, kama ilivyo siku hizi. Mlangoni akasimama.

"Kesho nibebee begi."

Nilijua anaongea na Nagumo. Nikageuka niwapishe.

"Unakwenda wapi? Nakwambia wewe, kaka."

"Mimi?"

"Unajua umbali wa kila shimo hapa. Halafu hunichekeshi. Kesho sitaki kucheka."

Akaingia garini, akaondoka. Nadhani hakuwa anasubiri jibu.

Anayevaa vesti ya mbeba begi haandiki. Anachosikia ndani ya kamba zinazotenga watazamaji kinabaki ndani ya kamba. Kuna mwenzetu aliwahi kuivunja sheria hiyo. Siku hizi anaandika bustani.

Nagumo alikuwa bado amesimama pale. Safari hii hakucheka.

"Mzee. Ukivaa ile vesti, neno lake la kesho nalichukua mimi."

"Najua."

"Sikuchokozi."

"Unanichokoza."

"Kidogo." Kisha: "Ungekuwa mimi ungefanya nini?"

"Ningeomba nivae."

"Niliomba," akasema. "Jana, Onodera alipoanza kujishika kiuno. Hirukawa akasema hapana."

Aliomba! Nimetembea nalo hilo hadi hotelini. Sikutegemea lingenifurahisha kiasi hicho. Haipendezi. Lakini ndivyo.

Nimempigia Tokita. Ameuliza begi lina kilo ngapi. Halafu: na ikiwa anaacha, nani ataandika? Nikasema shirika la habari litatuma. "Miaka kumi na minne, halafu neno la mwisho tununue kwa shirika? Wewe ni mwandishi au punda?" Nikasema nitamjibu asubuhi. Akasema nisipomjibu atajua.

Mambo yalivyo: nikibeba, nitakuwa wa kwanza kulisikia neno lake. Pale shimo la kumi na nane, kabla ya mkewe. Nami sitaandika. Nagumo atalisikia dakika kumi baadaye, na litakuwa lake. Nisipobeba, nitasimama kwenye kamba na wenzangu, kalamu mkononi, na mtu mwingine atakuwa karibu naye.

Nimepita duka la dawa. Nimenunua bandeji ya kufunga goti langu kesho, saizi kubwa.

Ofisi ya mashindano inaandikisha wabeba begi hadi saa moja asubuhi. Hirukawa anaanza saa mbili unusu, shimo la kwanza.