Sahihi ya Ndugu

Guangzhou,
Jumamosi, 14 Novemba 1998

Kwa mama yangu mkubwa, Bi Kuluthumu, Kikwajuni.

Assalaam aleikum, mama. Naomba barua hii ikukute na afya yako, presha imetulia, na goti lile la kushoto limeacha kukutesa unapopanda ngazi. Mimi ni mzima, masomo yanakwenda. Da Mwanahija naye ni mzima, na safari hii nikisema hivyo naweza kukuapia, maana ninapoandika haya yuko chumba cha pili anapiga pasi na kulalamika kwamba chuma chenyewe hakipati moto.

Barua hii nampa Bi Safia, ambaye nilikueleza habari zake kwenye simu, yule wa Mkunazini anayefanya biashara huku. Atakukabidhi mkononi. Nina ombi moja, mama, kabla hujaendelea. Isome mwenyewe. Usimpe kaka Hafidh akusomee barazani mbele ya watu kama mlivyozoea. Nimeandika kwa herufi kubwa ili usipate tabu.

Ndiyo, Da Mwanahija ametoka. Ametoka tangu tarehe tisa Oktoba. Utauliza mbona sikupiga simu siku ileile. Nilitaka kwanza nione kama tutaweza, nisije nikakupa furaha leo na kesho nikakunyang'anya.

Kwenye simu nilikuwa nakueleza nusu nusu, kwa hivyo acha nianze mwanzo. Ile Aprili ya mwaka tisini na sita aliacha kulala. Akawa anasema wenzake wa darasa la ufamasia wanayasoma madaftari yake kupitia ukutani. Siku ya mtihani wa kemia alitoka chumba cha mtihani, akaenda peku hadi barabara kuu na kuanza kuyasimamisha mabasi. Chuo kilimpeleka hospitali, na baada ya miezi miwili hospitali ikamhamishia kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa wa akili, nje ya mji, kule basi linakogeuzia, nyuma ya kiwanda cha vigae. Tuliambiwa atakaa miezi mitatu.

Mwezi wa Mei mwaka huu alinijia chuoni mama mmoja wa Kichina, muuguzi wa nyumba ile, jina lake Bi Liang. Alikuja siku yake ya mapumziko, kwa mabasi mawili. Alinambia dada yangu amepona kiasi cha mtu kuishi na watu, dawa anakunywa mwenyewe bila kusukumwa, na kwamba akikaa mle miaka miwili mingine atasahau hata namna ya kuvuka barabara. Akanitaka niende nikamtoe.

Mama, nilidhani kumtoa mtu ni kwenda na kumchukua. Mkuu wa nyumba ile alinambia mgonjwa hutoka mikononi mwa ndugu, na faili lao linasema Mwanahija hana ndugu katika nchi hii. Nikamwambia mimi ni ndugu yake. Akafungua pasi zetu mbili akauliza tutakuwaje ndugu na majina ya mwisho hayafanani, mmoja Pandu na mwingine Maulid. Nikamweleza kwamba mama zetu, wewe na mama yangu, mmezaliwa tumbo moja. Akasema basi huyo ni yule ambaye kwa lugha yao wanamwita ndugu wa nje, yaani wa upande wa mama, na sahihi ya ndugu wa nje haitoshi. Nilikasirika hadi Kichina kikanikimbia. Nilibaki namwambia kwa Kiswahili kwamba huyu tumekula sahani moja tangu hatujaota meno, na yeye ananitazama tu.

Ndipo nikakuomba vile vyeti vya kuzaliwa ulivyovituma Julai. Vilitafsiriwa, vikapelekwa ubalozini Beijing kugongwa muhuri, vikarudi. Nikadhani tumemaliza. Mkuu akasema sasa anataka anwani ya mahali atakapoishi. Nikaenda chuoni. Ofisa wa wanafunzi wa kigeni alisema anaweza kurudi darasani daktari akithibitisha, lakini bweni halimpokei mtu aliye bado kwenye orodha ya nyumba ile. Nyumba haimfuti kwenye orodha mpaka awe na anwani. Bweni halimpi anwani mpaka afutwe. Nilikwenda na kurudi baina ya ofisi hizo mbili mara sita, na kila mmoja ananielekeza kwa mwenzake kwa adabu kabisa.

Wana neno lao, "mei banfa", yaani hakuna namna. Wanalisema kwa upole, wengine wanakumiminia na maji ya moto unywe. Nimelichukia neno hilo mama kuliko tusi.

Lililoniuma zaidi ni kwamba msaada upo, nimeuona kwa macho yangu. Katika mtaa mmoja karibu na chuo kuna mfanyakazi wa ofisi ya mtaa anayewapitia majumbani watu waliotoka katika nyumba kama ile, kuona kama wamekunywa dawa na kama wanalala. Pana na chumba ambamo wanakaa mchana kutwa kukunja maboksi ya keki, na walikuwa wanacheka. Nikasema alhamdulillahi, hapa ndipo. Karani akaniomba daftari la ukaazi la familia. Nikamwambia sisi ni wageni. Akasikitika kweli, nikaona usoni mwake, kisha akanambia mei banfa.

Najua mlitaka apandishwe ndege arudi. Ndege ilitaka barua ya daktari na mtu wa kumsindikiza, lakini hilo tungelipata kwa tabu. Ni yeye aliyekataa. Alinambia amebakisha mwaka na nusu, na hataki kushuka uwanja wa ndege akiwa ndiye yule aliyerukwa na akili China.

Aliyetuokoa ni Bi Safia. Amepanga nyumba hapa mtaa wa Dengfeng, juu ya kibanda cha simu, na anatumia vyumba viwili kuweka mizigo. Nilipomweleza hakuniuliza maswali mengi. Aliuliza tu kama dada anavumilia harufu ya plastiki, maana chumba kimejaa midoli. Mwenye nyumba akatuandikisha polisi, nami nikahama bweni. Bi Liang akakaa pembeni yangu mbele ya mkuu wake mpaka mkuu alipochoka kutafuta sababu. Nikatia sahihi kurasa saba.

Walinikabidhi dada yangu kwenye ukumbi, nguo zake zimo katika mfuko wenye namba sitini na tatu, na dawa za siku thelathini. Basi. Hakuna aliyenambia nifanye nini. Zikiisha nizipate wapi, akibadilika nimpigie nani, hakuna. Bi Liang ndiye aliyetufuata mpaka getini akanishika mkono. Alisema dawa anywe baada ya chakula cha magharibi. Akilala chini ya saa nne siku mbili mfululizo, nisingoje ya tatu. Na nisimuulize kila saa kama yuko sawa, kwa sababu hakuna aliye sawa akiulizwa hivyo. Haya ndiyo mafunzo yote niliyopata, mama, na nimeyapata kwa mtu aliyekuwa anaiba dakika za kazi yake.

Wiki za mwanzo zilikuwa nzito. Da Mwanahija alikuwa akifika mlangoni anasimama, anangoja mtu amfungulie, na ufunguo uko mkononi mwake. Alikuwa ananiomba ruhusa ya kwenda chooni. Chakula anakimaliza kabla sijaweka maji mezani, kisha anasimama ukutani na sahani yake kama anayesubiri kuhesabiwa. Barabarani alining'ang'ania mkono mpaka ukaniuma. Siku moja nilimkaripia, mama. Nilimwambia wewe ni mtu mzima, fungua mlango. Akaufungua, akatoka, akakaa ngazini kutwa nzima akawa hataki kusema na mimi. Nilikwenda kituo cha afya cha karibu kuuliza kama pana mtu wa kuzungumza naye. Walinambia dawa zake hawana na mtu huyo hawana. Zile za siku thelathini zilipoisha tulikwenda kulekule nyuma ya kiwanda kuchukua nyingine, na tulipofika getini mikono yake ilipata baridi.

Lakini anakwenda mbele. Asubuhi anamkagulia Bi Safia mizigo inayotoka soko la Yide Lu, midoli ile ya kufumba macho ukiilaza. Alikuja mfanyabiashara mmoja wa Dar, Bwana Abass, anayechanganya mzigo na Bi Safia katika kontena moja. Akasema kwa sauti kwamba hataki mali yake ishikwe na mwenda wazimu. Da Mwanahija alikuwa nyuma ya maboksi. Akatoka na katoni, akaiweka miguuni pake.

"Hawa kumi na wawili ni wako, hawafumbi macho," alimwambia. "Ukitaka niwaache hivyohivyo, sema."

Bwana Abass aliilaza mmoja mmoja, yote kumi na miwili. Tangu siku hiyo katoni zake anazileta mwenyewe, salamu hatoi, lakini anazileta. Na Februari, Inshaallah, dada anarudi darasani.

Sasa mama, nimefika mahali ambapo nilikuomba usome peke yako.

Nimewalalamikia watu wengi katika barua hii, na nimewalalamikia zaidi kila nilipokupigia simu. Lile faili lililosema Mwanahija hana ndugu, ni mimi niliyelifanya liseme hivyo. Agosti ya mwaka jana, miezi tisa kabla Bi Liang hajanijia, nyumba ile iliniandikia barua kwamba dada amepata nafuu na anaweza kutoka, nifike kumchukua. Nilikuwa naingia mwaka wa mitihani mikubwa. Niliogopa chuo kisije kikaniona na mimi vilevile. Niliwaonea haya wale Waswahili wenzetu waliomshuhudia barabarani. Nikajibu, kwa Kichina kizuri nilichosomeshwa, kwamba mimi nilisoma naye tu, si ndugu yake, na sijui jamaa zake. Wewe ukipiga simu nikawa nakwambia madaktari hawajaruhusu. Ukalia, nami nikakubembeleza.

Amekaa mle miezi kumi na minne aliyokuwa hana haja ya kukaa. Ile hali ya kungoja mlangoni na ufunguo mkononi, sehemu yake kubwa nimempa mimi.

Wiki iliyopita nilishindwa kula naye nikiwa nimelibeba jambo hili. Nikamwambia. Aliendelea kukunja kanga aliyokuwa akikunja, akanambia anajua. Jibu langu lilipofika kule, hapakuwa na aliyejua tena kama Zulekha ni ndugu au la, wakampa yeye barua awaeleze. Aliisoma, akawaambia huyo ni msichana wa darasani kwetu tu. Nikamuuliza kwa nini. Alisema aliona nimeogopa, na yeye alikuwa anaujua woga kuliko mimi.

Nilianza kulia. Akanikatiza. Alisema hajanisamehe, na hajui atanisamehe lini, na nisimharakishe. Akasema lakini kuna mtu mmoja niliyemdanganya ambaye hakuwa na namna ya kujua, akanipa kalamu, akaniambia niandike na yeye hatasoma. Kisha akauliza kama wali umeiva.

Nimeandika, mama. Sikuombi uniambie ni kitu kidogo. Ukitaka kumwamini mtu mwingine huku badala yangu, Bi Safia atakueleza yote bila kunihurumia, muulize. Ila nakuahidi kwamba kila mwezi nitakwenda naye kule kuchukua dawa, na kila karatasi itakayotaka sahihi ya ndugu, nitaitia.

Nisalimie mama yangu na umwambie nitamwandikia mwenyewe. Nisalimie kaka Hafidh na mkewe, na Lulu mdogo, na majirani wa ghorofa ya chini. Da Mwanahija anasema anataka ubani na achari ya ndimu, na Bi Safia amekubali kubeba. Dada amesema pia Bi Safia akuone umevaa miwani unapomwandikia.

Mola akulinde na akuzidishie subira, maana nimeitumia nyingi.

Ni mimi mwanao, kama utaniruhusu kujiita hivyo,
Zulekha