Magoti Yangu na Dawa ya Kahawa

Barua imefika! Mwanangu Deogratiasi anapadirishwa na siku imetajwa. Baba Askofu atamwekea mikono Jumamosi ya wiki ijayo huko Moshi mjini, na kesho yake anapanda kuja kusoma misa yake ya kwanza hapa kwetu parokiani, kwenye altare ileile aliyokuwa akipigia kengele utotoni akiwa na mapengo. Padri! Kutoka tumboni mwangu mimi, mwenye darasa la nne la masista.

Haya, daftari, sasa nakusalimu. Leo ni Jumatano. Manyunyu yalianza kabla hatujakamua ng'ombe na hayajaacha. Migomba inadondosha maji kama paa bovu, mlima hatujauona wiki nzima. Ni ile baridi ya mwezi wa sita inayoingia kwenye mifupa bila kupiga hodi. Nina furaha mpaka kooni. Nina hasira pia, na kadiri ninavyoandika naona hasira ndiyo inayoshika kalamu.

Hasira ni ya magoti.

Kila mtu wa parokia hii anajua linalofuata baada ya misa ya kwanza. Padri mpya anashuka altareni, mikono yake bado inanukia mafuta matakatifu, na baraka yake ya kwanza anampa mama yake. Mama anatandikiwa kanga, anapiga magoti mbele ya watu wote, mwanawe anamwekea mikono kichwani, halafu mama anavibusu viganja vile. Nimeliona jambo hilo mara mbili kwa wanawake wengine. Mara zote mbili nililia, na wewe sitakuficha, nililia kwa wivu. Miaka yote Deo aliyokaa seminari nimekuwa nikilifanyia mazoezi kichwani: nitavaa nini, nitainama vipi, nani na nani watakuwa wananitazama.

Sasa magoti yangu yote mawili yamefungwa bendeji na hayakunjiki.

Tulikuwa tukitegemea mwezi wa nane. Nilijipa moyo kwamba kufikia hapo nitakuwa nimepona. Lakini Baba Askofu ana safari, kwa hiyo ni sasa. Siku kumi na moja.

Baridi yabisi ilinianza masika ya mwaka juzi, kwanza goti la kulia, halafu la kushoto likaona wivu. Nimejitibu kwa kila kitu ambacho binadamu amewahi kukisema kwa sauti. Chumvi ya mawe unaikaanga kavu, unaifunga kwenye kitambaa, unajikanda nayo. Hiyo sitaitukana. Inasaidia kwa muda uleule ambao ina moto. Ikipoa, maumivu yanarudi kukaa yalipokuwa yamekaa. Mafuta ya nyonyo nayo nayaheshimu, ingawa nadhani sifa ni za mikono ya binti yangu Manka, kwa sababu nilipojichua mwenyewe kwa haraka haraka sikuona lolote. Tangawizi inapasha tumbo moto. Goti halina habari nayo.

Halafu yakaja ya wendawazimu. Kuna majani ya kuwasha yanayoota kando ya mfereji. Unachapwa nayo magotini mpaka yavimbe. Wanasema yanaondoa maumivu. Uongo mtupu. Yanaleta maumivu mapya makubwa zaidi, yale ya zamani yanakaa kimya kwa aibu. Mafuta ya kondoo nilijipaka wiki mbili, nikanuka mpaka Baba Deo akahamia kitanda cha watoto. Mafuta ya taa, ambayo hata ya kibatari tunayapata kwa kupanga foleni, kuna mtu aliniambia nijisugulie! Na kila anayekuletea dawa anakuja na maneno yaleyale: kuna mtu alikuwa hatembei, sasa anakimbia. Huyo anayekimbia nimemuulizia kuanzia Himo mpaka Kahe. Hakuna aliyemwona.

Sasa nifike kwa wifi yangu Perpetua.

Perpetua ni dada wa mume wangu. Ameolewa Himo, pale njia panda, ambapo kila lori linashusha uvumi wake kabla halijashusha mizigo. Hajawahi kukosa dawa ya kitu chochote. Wiki mbili hazijatimia tangu siku ya Ijumaa alipopanda kuja kutuona, akamkuta kaka yake uani anakoroga mrututu kwenye pipa, ile dawa ya bluu tunayoipulizia kahawa isishikwe na ugonjwa. Akasimama akalitazama pipa kama mtu aliyetokewa na Bikira Maria.

"Wifi," akaniambia, "hii hii! Kule kwetu kuna mzee mmoja…"

"Alikuwa hatembei," nikasema.

"Sasa anakimbia! Nani amekuambia?"

Ningecheka pale pale, mambo yangeishia hapo. Sikucheka. Ngoja niandike ukweli, maana hapa hakuna anayenisikia: hakuna aliyenishika mikono. Sisi watu wa kahawa tunaiamini dawa ile kuliko tunavyopenda kukiri. Tumeona mibuni iliyokuwa inakufa, majani yamejaa madoa, ikipulizwa bluu inarudisha rangi na kuzaa. Kahawa ndiyo iliyomsomesha Deo. Nikawaza, kitu kinachoponya mti mzima na matawi yake, kitashindwa vifundo viwili vya mwanamke?

Perpetua akachanganya mrututu na mafuta ya kondoo, akanipaka kwa mkono wake, akafunga kwa jani la mgomba lililobabuliwa motoni. Kesho yake magoti yakawa ya moto, halafu yakafa ganzi. Ganzi! Na mtu asiyesikia maumivu haraka yake ni kusema amepona.

Jumapili nikapiga magoti kanisani misa nzima, mgongo wima kama nguzo ya simu. Nje nikawakusanya akina mama wa jumuiya yetu, nikapandisha gauni kidogo, nikawaonyesha magoti, bluu imechuruzika kutoka chini ya jani. Nikawaambia, "Tazameni vizuri, haya ndiyo magoti ya mama wa padri." Nikaeleza dawa na jinsi ya kuichanganya, kama vile nimesomea. Jirani yangu Mama Leokadia, ambaye magoti yake ni mabovu kuliko yangu, nilimpelekea dawa mwenyewe kwenye kopo, nikamwekea na kitambaa cha kufungia.

Jumanne ngozi ikaanza kuchubuka chini ya jani. Alhamisi nikawa zahanati.

Mganga wa zahanati ni kijana wa kunipa shikamoo yenye heshima zake. Alifungua jani la mgomba, akainama kutazama.

"Mama, hii ni sumu ya ugonjwa wa mimea. Umejichoma."

Nikamwambia ni wifi yangu aliyenichoma.

"Samahani mama. Na miguu ilikuwa ya nani?"

Ningemzaba kibao, ila alikuwa ameshika mkasi. Akanisafisha, nikauma upande wa kanga, akanipaka dawa ya zambarau juu ya bluu. Halafu akaniambia mambo ambayo hayana raha kusikiliza: kwamba baridi yabisi inatulizwa, haifukuzwi. Jikande kwa joto la kiasi, chuliwa taratibu, tembea kidogo kidogo kila siku usikae tu jikoni, na meza aspirini baada ya kula, siyo kabla. Yaani kati ya vyote nilivyohangaika navyo, alichokisifu ni chumvi yangu ya moto na mikono ya Manka, vitu ambavyo mtu haendi Himo kuvitafuta. Na akasema nisipige magoti mpaka vidonda vifunge.

"Lini?"

"Labda wiki nne, mama."

Siku ile nilimjibu vizuri tu, kwa sababu mwezi wa nane ulikuwa bado mbali.

Kutoka zahanati sikupitia nyumbani. Nilikwenda na fimbo yangu moja kwa moja kwa Mama Leokadia. Nilijiona nimemchubua mwenzangu kwa majivuno yangu, mjane wa watu, asiye na wa kumchotea hata maji. Nikamkuta ameketi mlangoni anamenya ndizi za mtori. Sikusalimia. Nikamwambia anionyeshe magoti.

"Ya nini, mae?"

"Ile dawa niliyokuletea!"

"Aa, ile." Akaendelea kumenya. "Dawa ya kahawa nimeipa kahawa. Mibuni mitatu imepata, ahsante sana."

Akacheka mpaka ndizi ikamponyoka mkononi. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumpiga na fimbo.

Kwa hiyo wewe peke yako nakuambia. Kosa la Perpetua na kosa langu ni kosa moja. Yeye alinipa mimi, mimi nikampa mwingine, tena kwa kutembea kabisa mpaka mlangoni kwake. Tofauti yetu ni kwamba mimi nilimpata mwenye akili.

Lakini hilo halikuipunguza hasira yangu hata chembe, kwa sababu ya leo.

Leo barua ililetwa na katekista asubuhi. Kabla ya saa saba Perpetua alikuwa ameshafika hapa, sijui nani alimkimbilia na habari mpaka Himo. Akapiga vigelegele tangu kwenye mimea ya isale ya mpakani. Akanikumbatia. Akatazama bendeji zangu. Halafu akatoa kwenye kikapu doti ya kanga, mpya, bado ina harufu ya duka, wakati sisi huku hata kipande cha sabuni ni bahati.

"Usiwe na wasiwasi, wifi. Nitakupigia magoti mimi. Si mimi shangazi yake?"

Ee Ruwa, Mungu wangu, nisamehe nilichokiwaza.

"Perpetua," nikamwambia, "uniondolee magoti, halafu uchukue na nafasi yake?"

"Mimi nilikusaidia!"

"Ulisaidia kahawa."

"Wifi, ulifurahi mwenyewe! Si watu wameniambia ulionyesha mapaja kanisani?"

"Magoti!"

"Wao wamesema mapaja."

Baba Deo akakohoa huko uani kama mtu aliyemeza inzi. Mimi nikasema mengi. Nilimkumbusha Perpetua kila dawa aliyowahi kuniletea, na wagonjwa wake wote wanaokimbia, na kwamba siku Deo anazaliwa yeye alikuwa msichana wa kutumwa maji na akachelewa. Akalia. Nikaona ni machozi ya kweli, hakuyafuta haraka. Nikampakulia machalari ya ndizi sahani imejaa, kwa sababu ni shangazi wa mwanangu na nusu ya njia alipanda kwa miguu. Lakini nyama laini sikumpa. Alikula, akakunja kanga yake, akashuka. Hakuniaga vizuri wala mimi sikumwaga vizuri.

Baba Deo si mtu wa maneno. Alikuwa anafungua gunia la ulezi kuona kama utatosha pombe ya mbege ya wageni. Nikamwendea na fimbo yangu nikamwambia kabisa: siku hiyo nafungua hizi bendeji na napiga magoti, na vidonda vikitaka kupasuka vipasuke. Deo nilimzaa nimepiga magoti, nimeshika nguzo ya nyumba ya mama yako, chini majani makavu ya migomba. Na baraka yake nitaipokea nimepiga magoti.

Akachota ulezi kwenye kiganja, akaupuliza.

"Basi hayo magoti yameshafanya kazi yake," akasema. "Siku hiyo yakae."

Akafunga gunia akaenda kwa ng'ombe.

Nimekaa hapa nikijaribu kumkasirikia na yeye. Nimeshindwa.

Hivi nilikuwa nataka nini hasa? Baraka, au watu waone ninavyoinama? Naliandika swali hili na uso unanichoma. Mama aliyezaa padri anataka kujichuna ngozi ili wanawake wa benchi la tatu wasipate la kusema. Nao la kusema watapata tu, mapaja wameshayapata.

Nimeamua. Kesho katekista akipita nitamwomba aniwekee kiti mbele kabisa, cha kuegemea, siyo benchi. Nitaketi, miguu nimeinyoosha, bendeji safi, kitenge changu cha Ekaristi. Deo ni mrefu, lakini kuinama anajua, nilimfundisha mimi. Atakayesema ni kiburi, aseme, na kidogo ni kweli. Perpetua atapiga magoti kando ya kiti changu juu ya kanga yake mpya, na baraka ataipata ya pili baada yangu. Nitamtumia ujumbe na basi la kesho kutwa. Nitamwambia pia kwamba mwanamke aliyeweza kunifunga jani la mgomba lisifunguke siku sita ndiye ninayemtaka anifunge kilemba asubuhi ile. Hilo ni kweli, mikono anayo. Dawa tu ndizo aachane nazo.

Chumvi iko motoni. Nitajikanda mapajani, mbali na vidonda, na kesho nitatembea mpaka mferejini na kurudi.

Ndugu wa Kahe wameshaambiwa, wa Shirimatunda watapelekewa habari, Manka anakuja na wanawe wote. Mama Leokadia ameahidi mkungu wa ndizi. Misa ni saa nne asubuhi, na ikiisha kila mtu ni hapa nyumbani, kihambani kwetu, wanaopiga magoti na wasioweza: Jumapili ya wiki ijayo.