Masudi Amerudi Katikati ya Msimu

Jumatano, 2 Julai 2025

Masudi amerudi jana mchana. Sikumtarajia. Julai hii! Kibaigwa sasa hivi malori yamepanga foleni mpaka nje ya soko la mahindi, na dalali kama yeye akiacha mzani wake siku moja anakuta wateja wamehamia kwa mwenzake. Nikamuuliza kuna nini. Anasema amechoka, basi. Mwanetu Shamimu alimrukia baba yake mgongoni, hakutaka kushuka.

Leo asubuhi nimemkuta sebuleni na nguo zilezile za jana. Chai niliyomwachia imefanya utando. Nikamuuliza kama amelala. Akasema, "Wewe ulilala?"

Chuoni tumemaliza mada ya saikosisi, mtu anapoona na kuamini yasiyokuwepo. Dokta Bartolomayo anasema dalili za mwanzo watu wa nyumbani ndio huwa wa mwisho kuzikubali. Niliandika. Halafu nikaacha kuandika.

Upuuzi. Mwanafunzi wa uzamili wa unasihi, kila ugonjwa anaouona kwenye slaidi lazima autafutie mtu! Yudith, ninayekaa naye dawati moja, wiki iliyopita alijikuta ana magonjwa matatu. Tulicheka hadi tukatolewa maktaba.

Ijumaa, 4 Julai

Hakwenda kuswali. Masudi — hakwenda Ijumaa! Anasema msikitini akikaa watu wanasogea mbali naye.

Na honi. Hapa Nzuguni malori ya Dar tunayasikia kutwa, nimeshazoea kama upepo. Yeye anasema si honi tu. Mbili fupi, moja ndefu: wanapeana taarifa kwamba yupo. Ndiyo maana ameondoka Kibaigwa. Wapagazi wake wote aliwafukuza, nao wamo.

Nikauliza, nani hao? Akanitazama kwa huruma. "Mwajabu, kweli huwajui?"

Nikafanya nilivyofundishwa. Usibishe, usikubali, shika hisia. Nikasema, "Lazima hilo linakuogopesha sana." Sentensi hiyohiyo ilinipa alama nzuri kwenye igizo la darasani.

 Akasema polepole: "Nani kakufundisha kuniambia hivyo?"

Mikono yangu ilikuwa kwenye unga. Nimeikanda ile chapati mpaka ikawa jiwe.

Jumapili, 6 Julai

Madirisha ya upande wa barabara ameyaziba kwa viroba vya mahindi. Ndani giza, vumbi, harufu ya ghala. Ufunguo wa geti anao mfukoni. Shamimu haruhusiwi kutoka.

Hajapiga mtu. Hajapaza sauti. Amekaa mkekani na mtoto, anammenyea chungwa, anatoa mbegu mojamoja. Ningemwona mtu huyu kwa mbali ningesema, baba mwema huyo. Na ni mwema! Hapo ndipo ninapoogopa.

Maadili yetu wanasihi yako wazi: mtu wa nyumbani kwako si mteja wako. Sawa. Sasa ni mteja wa nani? Ndugu zake wote wako kijijini Kolo.

Jumatano, 9 Julai

Mama mkwe ameingia leo na basi la asubuhi. Sikumwita mimi! Nilimkuta getini, Masudi anamfungulia. Shikamoo mama. Marahaba. Akanishika shavu, akanigeuza uso kwenye mwanga.

"Umekonda, mwanangu."

Nilidhani ameona. Nilidhani sasa tuko wawili. Tulipokaa jikoni akatoa kwenye mkoba chupa ya kombe, maji ya dawa yaliyosomewa aya na shehe wa kule kwao. Nikasema nitampa Masudi anywe jioni.

"Si la Masudi," akasema. "Lako."

Masudi ndiye aliyempigia. Amemwambia naongea peke yangu. Nalala na vitabu vya vichaa. Namvizia mlangoni. Namwona kila mtu mgonjwa. Mama alikuwa anayasema kwa upole, huku ananisugulia mgongo. Tangu uanze kusomea mambo hayo, mwanangu...

Na kila alichosema kina ukweli! Nasoma kwa sauti kabla ya mtihani. Kweli nasimama mlangoni, nasikiliza anavyopumua. Silali. Nahesabu honi — Mungu wangu, leo nimejikuta na mimi nahesabu.

Nimekunywa kombe. Ningefanyaje?

Baadaye nilijifungia chooni, nikajiuliza yale maswali tunayowauliza wagonjwa. Leo ni siku gani. Uko wapi. Nani ni rais. Nikajibu yote. Lakini Masudi naye angejibu yote.

Ijumaa, 11 Julai

Nimepata ruhusa ya kwenda chuoni kwa sababu ya mtihani. Hakuna mtihani.

Yudith anafanya mafunzo kwa vitendo hospitalini, kitengo cha akili. Mimi zamu yangu ni Agosti, palepale. Nilimfuata huko, nikamwambia nina mteja mmoja nataka ushauri. Mwanaume, miaka thelathini na nane, dalali wa nafaka. Nikaeleza vizuri, kitaalamu. Halali, anahisi anafuatiliwa, haoni kama anaumwa. Yudith akauliza, "Nyumbani kuna mtoto?" Nikasema, Shamimu. Akanivuta nyuma ya kantini nikalia kule, na upepo huu, mchanga mdomoni.

Hakunilaumu. Alisema mlete kliniki ya nje, Jumatatu asubuhi. Akija kwa miguu yake ni bora mara mia kuliko kuletwa na mgambo amefungwa kamba.

Atakujaje kwa miguu yake? Hilo Yudith hakulijua. Hata mimi.

Jumamosi, 12 Julai



Saa nne mama na mimi tulikuwa uani tunapepeta mchele. Geti likalia. Tulipotoka, Masudi hayupo. Shamimu hayupo.

Nilikimbia bila viatu. Sikuuliza mtu. Nilijua ni barabarani.

Alikuwa katikati ya lami. Shamimu mabegani, ameshika masikio ya baba yake, anacheka. Masudi amenyoosha kiganja mbele, anasimamisha malori. "Teremka uniambie usoni!" Lori la kwanza lilipiga breki, matairi yakatoa moshi. Lilisimama hapo. Hapo! Dereva alitoa kichwa dirishani lakini hakuweza hata kutukana. Nyuma yake honi zikaanza, nyingi, na Masudi akanigeukia uso umeng'aa. "Umesikia? Sasa umesikia?"

Nikasema, "Nimesikia. Nipe mtoto, umechoka kumbeba."

Akanipa. Hivihivi tu. Akanipa.

Mama alifika anahema, kanga imedondoka njiani. Aliona yote, tukamrudisha Masudi nyumbani.

Mchana Masudi alipoingia chumbani, mama alikaa karibu yangu kwenye kigoda. Akaniambia habari za kaka yake, Mustapha. Sikuwahi kusikia kuwa alikuwa na kaka. Alipelekwa hospitali ya akili miaka hiyo, mkoa mwingine, akatibiwa, akapona. Alirudi akalima, akafuga nyuki. "Lakini hakuna aliyemwita Mustapha tena. Walimwita Yule wa Hospitali. Mpaka siku tunamzika, wachimba kaburi waliuliza, ni la yule wa hospitali?"

Akalia bila sauti.  Miaka miwili ya unasihi! Nilimshika tu mkono.

Mwisho akasema, "Mpeleke. Ila usije ukasema ni mimi niliyekubali."

Jumatatu, 14 Julai

Naandika hapa benchini kliniki, kwenye daftari la darasa.

Asubuhi nilikuwa sijui nianzeje. Nilipika uji, nikatia chumvi mara mbili. Masudi akaja jikoni, amenyoa ndevu, amevaa shati la Idi. Akasema, "Nimefikiri. Nikupeleke hospitali, Mwajabu. Siwezi kukuacha uendelee hivi."

Mama aliganda na mwiko mkononi. Akanitazama. Nikamtazama. 

Nikasema, "Sawa. Twende."

Masudi alifungua geti mwenyewe. Aliita bajaji mwenyewe. Honi zilipopigwa pale viwanja vya Nane Nane alifumba macho, akanishika kiganja mpaka zikaisha.

Dirishani nesi akauliza, "Mgonjwa ni nani kati yenu?"

Masudi akajibu kwa adabu, "Ni mke wangu. Anasoma sana. Amekuwa anaona mambo."

Nesi akaniangalia. Nilikuwa na sentensi tayari, nimeirudia njia nzima: dada, ni yeye, naomba kuongea na daktari pembeni. Nikamwona Masudi anageuza shingo, anapima mlango, uzio, geti. Nikiisema, anaondoka. Na nje kuna barabara.

Nikasema, "Ni mimi. Ila naomba niingie na mume wangu. Bila yeye siingii."

Akaandika. Mwajabu Abdulwahab, miaka thelathini na mbili. Kazi? Mwanafunzi. Wa nini? Nikamwambia. Kalamu ilisimama kidogo. Agosti nitakuja hapa na koti jeupe, na jina hili watakuwa nalo kwenye faili la wagonjwa. Dokta Bartolomayo atasikia. Kolo watasikia.

Na nikiingia, daktari akamwamini yeye? Anaongea vizuri kuliko mimi leo. Ametulia. Mimi ndiye mwenye jasho. Mimi ndiye ninayeandika-andika benchini kama...

Yudith amepita na trei. Ameniona. Amefungua mdomo, nikatikisa kichwa. Akaendelea, akaingia chumba namba mbili na kufunga mlango.

"Unamjua yule?" Masudi anauliza.

Nimesema tunasoma wote. Amefikiri. Anatazama mlango wa namba mbili. Goti lake linacheza, linacheza.

Mlango wa namba mbili umefunguliwa. Wanaita jina langu. Masudi ndiye aliyesimama wa kwanza, amenishika mkono, wake wa baridi kuliko wangu.

"Usiogope," anasema. "Mimi nipo."